Mashimo Ambayo Sikuyahesabu

Niliwaacha wanawake watano warudishie mbegu, yaani wapande upya palipokosa kuota, kwenye shamba la utafiti la serikali. Nikasimama pembeni na daftari mkononi, nikawatazama mpaka walipomaliza, kisha nikawashukuru na kuwapa togwa. Hilo ndilo kosa lenyewe. Ningependa kusema nililazimishwa, au nilipitiwa na usingizi, au nilikuwa na homa. Nilikuwa mzima wa afya, nimevaa viatu, na kalamu ilikuwa na wino.

Ilikuwa miaka ya sabini, huku kwetu kwenye milima ya Kasulu, muda si mrefu baada ya sisi sote kuhamishiwa kijijini na kupangwa kando ya barabara kama wanafunzi mstarini. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Kijijini tulikuwa wawili wenye cheti hicho, na yule mwenzangu alishakwenda zake Tabora. Mimi sikwenda popote. Niliwahi kuitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani Kigoma, nikapeleka habari kwamba tumbo linaniuma. Tumbo lilikuwa zima. Ni kwamba sipendi kulala kitanda cha watu. Napenda mlango wangu, kigoda changu, na moshi wa jiko langu mwenyewe ambao nimeshauzoea macho. Kwa hiyo kijiji kizima kiliniita mwali, kama binti aliyewekwa ndani, na hawakuona haya kuniita hivyo mbele ya wakwe zangu.

"Mwali hajambo?" waliuliza wakipita. "Leo umefika mpaka uani? Hongera, umesafiri."

Basi serikali ilipotafuta mtu wa kuandika habari za shamba la majaribio ya maharage, nilijiona nimezaliwa kwa kazi hiyo. Shamba lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba yangu, hatua kama thelathini kutoka mlangoni. Ningeweza kuwa mtumishi wa sayansi huku nasikia chungu kikichemka.

Aliyelianzisha alikuwa kijana mwembamba kutoka kituo cha utafiti, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Sisi tulimwita Bwana Utafiti. Alipima vipande viwili vinavyolingana. Kimoja kikapandwa mbegu mpya ya serikali, maharage makubwa mekundu yaliyofanana kama watoto wa mama mmoja. Cha pili kikapandwa mbegu zetu za kienyeji, ule mchanganyiko wanaoutunza wanawake wa huku: meusi, meupe, ya njano, yenye madoadoa, yote kapu moja. Kisha alichuchumaa, akatia kidole kwenye shimo moja la mbegu, akaniambia neno ambalo nilipaswa kulichora mkononi.

"Shimo lisiloota liache hivyo hivyo, ndugu karani. Usilifukie, usilirudishie. Lihesabu tu, uandike. Shimo tupu nalo ni jibu. Serikali imetoa fedha ili tujue mbegu hii inafaa hapa au haifai. Ukinificha mashimo, umenificha jibu."

"Nimeelewa," nikasema. Na nilikuwa nimeelewa kweli, ndiyo maana nasema ni kosa. Asiyeelewa hakosei, anabahatisha.

Mvua zilianza kwa fujo. Zilinyesha siku nyingi bila kupumzika mpaka udongo ukawa uji. Mbegu za kienyeji zikatoa vichwa kana kwamba hazikuambiwa habari za mvua. Mbegu ya serikali ikaota hapa moja, pale mbili, halafu hatua nzima hakuna kitu. Nikifukua shimo nilikuta ganda limelainika na linanuka. Nilipanga kuhesabu kesho. Kesho yake mke wangu akashikwa na uchungu, akajifungua mtoto wetu wa pili, na mimi nikahesabu vidole vya mtoto.

Huku kwetu mwanamke akijifungua, wanawake wa jirani huja kumlimia. Hawaombwi, na ukiwaomba utakuwa umewatukana. Na shamba la mzazi haliachwi na mapengo. Mpita njia akiona pengo atauliza, huyu mzazi hana watu? Aibu hiyo haimpati mzazi, inawapata majirani. Siku ya nne walikuja watano na majembe, na mbele yao jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mjane aliyevuka kutoka Burundi miaka ile ya matatizo. Alivuka bila sufuria, ila na fundo la kitenge lenye maharage ya mbegu ya mama yake, na tangu hapo nusu ya kijiji ilikuwa imeshaomba mbegu kwenye fundo lile.

Walipalilia shamba letu, wakarudishia palipopungua, na bila kusimama wakaingia shamba la serikali, kwa kuwa lilianzia pale letu lilipoishia, hata mfereji hapakuwa. Nilitoka mbio, yaani mbio za mtu kama mimi.

"Mama, hapo ni pa serikali!"

"Serikali nayo imejifungua lini?" akauliza jirani, bila kuinua mgongo.

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaegemea jembe.

"Maana yangu ni kwamba mashimo hayo yanatakiwa yabaki."

"Yabaki yafanye nini?"

"Yahesabiwe."

Hapo wote watano waliinuka wakanitazama. "Mwali anahesabu mashimo!" akasema mmoja. "Akimaliza atahesabu upepo." Jirani yangu hakucheka. Alinisogelea, viganja vimejaa maharage ya rangi zote.

"Mwana wanje," akasema, na hiyo kwao ni mwanangu, "mke wako bado anatoka damu humo ndani. Unataka watu wapite barabarani waone mapengo haya waseme hatukumlimia? Useme hapa, nasikia."

Nilitazama barabara. Nilitazama mlango wa nyumba yangu. Nikasema, "Endeleeni, mama zangu." Wakaendelea, nikawaletea togwa, na jioni ile ile nikafungua daftari pale palipoandikwa mashimo matupu, nikajaza kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: *Hakuna*.

Nikishtakiwa leo naweza kujitetea. Jioni ile hapakuwa na shimo tupu hata moja.

Bwana Utafiti alitakiwa kuja maharage yakiwa na maua. Petroli haikupatikana, hakuja. Tulivuna, nikapima kila kipande kwenye mizani aliyoniachia. Kipande cha serikali kikakishinda cha kienyeji. Kingekosaje kushinda? Mle ndani mlikuwa na jeshi la pande zote mbili. Niliandika uzito wote kama ulivyo. Kisha ikabaki shughuli ya sampuli, mfuko mmoja wa kupelekwa kituoni, na mfuko huo haungeweza kuwa na maharage ya njano. Nikakaa kwenye kigoda siku mbili nikichambua mekundu moja moja. Mke wangu, mtoto mgongoni, alisimama mlangoni.

"Baba mtoto," akasema, "unachambua maharage au unachambua kesi?"

Nilimwambia anaziba mwanga.

Mizigo yote hii ningeibeba bila shida kama shamba langu lingesahauliwa kwenye faili. Halikusahauliwa. Siku chache kabla ya kupanda msimu wa pili, Landrova ilisimama barabarani, akashuka Bwana Utafiti, na nyuma yake mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam. Kazi ya mkubwa huyo ilikuwa kuzunguka kwenye mashamba ya majaribio na kuamua kama utafiti ule unastahili fedha za wananchi au usimamishwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kigoda changu, akapokea maji, akauliza swali ambalo mpaka leo naliona ni halali kabisa:

"Tumetoa fedha. Tumepata nini?"

Bwana Utafiti akampa daftari langu kwa mikono miwili. Mkubwa akasoma polepole, akapitisha kidole chini ya kila mstari.

"Vijiji vingine vyote vimenionyesha mashimo," akasema hatimaye. "Mashimo, mashimo, mashimo. Hapa tu ndipo nilipoona maharage. Mvua ni ile ile, mbegu ni ile ile. Basi kasoro haiko kwenye mbegu, iko kwa wakulima wavivu. Na mwandiko mzuri kweli, ndugu karani."

Bwana Utafiti alipumua kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameweza kula. Alikuwa amemletea mke wangu mche wa sabuni na kipande cha khanga cha kumfunikia mtoto. Nilikitazama kile kipande cha khanga nikashindwa kufungua mdomo.

Mkubwa akaeleza alichoamua. Msimu huu wa pili, vijiji vyote vya Kasulu na Kibondo vitapanda mbegu moja, hii nyekundu. Ile michanganyiko ya rangirangi iliwe yote, isirudi tena ardhini, na mabwana shamba watapita kukagua. Tangazo atalitoa Kibondo kesho mbele ya wenyeviti wa vijiji. "Na wewe utakuja nasi," akaniambia. "Ukawaeleze ulivyofanya."

Nilisema tumbo linaniuma. Alisema garini ana dawa.

Sikuwa mjinga wa kutoelewa maana yake. Mvua za msimu wa pili zingekuja zinavyotaka zenyewe. Mbegu nyekundu zikioza tena, safari hii hazitakuwa na mtu wa kuzirudishia, maana za kuzirudishia zitakuwa zimeshapikwa. Kijiji kizima kingekaa na mashimo, na mimi ndani ya kijiji, na mtoto ambaye mama yake angehitaji kula ili amnyonyeshe. Yote hayo yangetoka kwenye neno moja la herufi sita.

Habari ilifika ng'ambo ya njia kabla sijapata shati la safari. Jirani yangu akaja, akasimama kwenye ua na mikono mgongoni.

"Mwakeye," akanisalimu kwa lugha yake. "Ni kweli tule mbegu?"

"Ndivyo walivyosema, mama."

"Tuzile. Halafu zile nyekundu zikioza tupande nini? Meno?"

Dereva akapiga honi. Niliingia garini.

Walinikalisha mbele, katikati, kati ya mkubwa na dereva, kijiti cha gia katikati ya magoti yangu. Bwana Utafiti alikaa nyuma na mifuko ya sampuli. Kila gia ilipobadilishwa nilitakiwa kufungua miguu kama mlango. Nimewahi kufungwa na mvua ndani, nimewahi kufungwa na ugonjwa, na vyote nilivipenda kidogo. Hiki sikukipenda. Msitu ulitupita pande zote mbili, matope yalituvuta, kila kilima kilinipeleka mbali na nyumbani, na mkubwa alisoma daftari langu kwa sauti, sentensi zangu mwenyewe, kana kwamba ananisomea mashtaka kwa upendo.

Nilijaribu. Karibu na daraja moja nilisema, "Ndugu, mvua ikizidi, mbegu hii nadhani..."

"Takwimu zako hazisemi hivyo," akanijibu, akigonga ukurasa. "Hapa. Mashimo matupu, hakuna. Usiwe na unyenyekevu wa kupita kiasi, ndugu karani. Ndio unaoturudisha nyuma."

Nyuma yangu Bwana Utafiti akacheka kwa furaha. Nikafikiri: nikifichua mbegu ya jirani, namuua huyu, maana mkubwa atasimamisha utafiti wake. Nikinyamaza, nawaua wale. Na mimi mwenyewe, kama ukweli ungejulikana njiani, ni nani angesema nilipotewa na akili tu? Siku zile kulikuwa na neno hujuma, na lilikuwa neno la kumpeleka mtu mahali ambako hakuna kigoda. Nilitamani gari lizame. Lilizama mara mbili, na mara zote mbili nililisukuma mwenyewe likatoka.

Kibondo nililala kitanda cha watu, na sitasema zaidi juu yake. Asubuhi tuliingia ukumbini. Wenyeviti walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengine wameshatembea tangu alfajiri, suruali zina matope mpaka magotini. Mkubwa akatoa hotuba nzuri kuhusu fedha ya umma na jasho la mkulima. Kisha akanisimamisha.

"Ndugu huyu ni mkulima kama ninyi. Aliyofanya yeye hayawashindi ninyi. Eleza."

Nilianza vizuri. Nilisema habari za kulima mapema, nafasi kati ya mstari na mstari, palizi. Maneno ya kitabu yana miguu yake, yalikuwa yanatembea bila mimi. Ndipo mwenyekiti mmoja wa nyuma kabisa, mzee mwenye kofia ya sufu, akanyoosha mkono. Alinizungumzisha kwa upole, na nadhani upole ndio uliomaliza mambo.

"Mdogo wangu, sisi tulifanya hayo yote. Kwetu nusu iliota, nusu ikaoza, wakatuambia ni wavivu. Hatukatai. Tunataka kujifunza tu. Wewe mashimo yako uliyafanyaje?"

Ningeweza kusema mbolea. Neno mbolea lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilimwona yule mzee amejiinamisha mbele kunisikiliza, na wengine wamegeuza shingo, watu ambao waliandika mashimo yao kama walivyoambiwa na kulipwa matusi, na mimi niliyeandika uongo nimesimamishwa mbele kama bwana harusi.

"Nilirudishia," nikasema.

"Kwa mbegu gani?"

"Ya jirani yangu."

"Hii nyekundu?"

"Hapana. Ile ya rangirangi. Wanawake walikuja kumlimia mke wangu, alikuwa amejifungua. Waliziba mapengo yote. Mimi niliandika hakuna. Nilipima yote pamoja."

Kicheko kikaanzia benchi la nyuma kikaja mbele kama maji. Mkubwa hakucheka. Alifunga daftari, akaliweka mezani, akalisukuma mbali kidogo.

"Ndugu, unajua jambo hili linaitwaje? Linaitwa hujuma."

Nilitafuta mlango kwa macho. Lakini yule mzee wa kofia ya sufu alikuwa bado anapangusa machozi ya kucheka.

"Ndugu mgeni, hujuma gani? Mtu wa hujuma ana akili. Mtazame huyu. Huyu ni zezeta tu."

"Kweli!" wakasema wengine. "Mtazame!"

Walinitazama wote, mkubwa pia, na nadhani alichokiona kilimridhisha. Sijawahi kutukanwa tusi lililonifaa kama lile. Mkubwa alikata mstari juu ya kurasa zangu zote. Tangazo halikutolewa. Wenyeviti walirudi kwao na ruhusa ya kupanda walichokuwa nacho, mbegu nyekundu kwa anayetaka.

Bwana Utafiti nilimkuta nje, amekaa juu ya mfuko wa sampuli, ule niliouchambua siku mbili. Niliomba radhi. Alivua miwani, akaurekebisha ule uzi.

"Mashimo yalikuwa mangapi?" akauliza.

"Sijui. Sikuyahesabu."

"Hata kwa kukisia?"

"Hata kwa kukisia."

Akavaa miwani, akasema bila hasira, na ndiyo maneno yaliyonikaa. "Kurudishia si neno. Watu hurudishia. Ungehesabu mashimo tu, ukaandika walichotia ndani, leo ningekuwa na kitu mkononi. Mbegu zilizoishi shimo lile lile zetu zilimofia. Mkubwa anauliza tumepata nini, ningemwambia: tumepata hiki, tuanze upya na hizi za akina mama. Sasa sina mashimo, sina maharage."

Baadaye nilisikia alihamishiwa mahali pengine kwenye zao jingine. Shamba lile lilifutwa, likarudi kuwa langu. Watu wakiniuliza kama utafiti wa serikali ulikuwa na faida, wengi wanatarajia nicheke, kwa kuwa ndiyo tabia yangu. Siwezi. Kwenye vile vijiji vingine ulifanya kazi yake kamili: uligharamiwa ili useme mbegu ile haifai kwenye mvua zetu, na ulisema, kwenye daftari baada ya daftari, kwa wino wa watu wenye mwandiko mbaya. Palipoharibika ni pale palipokaliwa na mwenye cheti.

Landrova ilikwenda njia nyingine, hawakunipa nafasi na sikuomba. Nilirudi Kasulu juu ya lori la chumvi, nikatembea sehemu iliyobaki. Mvua ya msimu wa pili ilikuwa imeshapita mara moja. Jirani yangu nilimkuta nyuma ya nyumba yangu, kwenye lile lililokuwa shamba la serikali, anapanda. Hakungoja mtu amwambie. Mke wangu alikuwa mlangoni ananyonyesha. Nikasimama shambani nikamweleza jirani yote: gari, ukumbi, mzee wa kofia, hujuma, maneno ya Bwana Utafiti. Sikuficha hata la zezeta. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anadondosha mbegu, tatu kila shimo, na kuzifukia kwa kisigino. Kisha akainuka, akashika kiuno.

"Kwa hiyo serikali imetoa gari, imetoa petroli, imetoa watu wenye miwani, msimu mzima, na kitu kimoja tu ilichokijua kwa hakika ni kwamba wewe ni mwoga. Si wangekuja kuniuliza mimi? Ningewaambia bure. Sogea huko, umekanyaga mbegu."